Namba Tisa Imepakwa Grisi

Bomba kuu lilipasuka saa tatu kasoro dakika chache asubuhi, Jumamosi, wakati wageni wako kwenye mayai na juisi, na kufika saa tatu na robo tayari palikuwa na wapumbavu waliokuwa wakilipiga picha.

Bi Ufunguo aliwaona kabla gari halijasimama. Maji yalikuwa yametoboa lami katikati ya barabara ya mahoteli, yakaruka juu kulipita paa la ghorofa ya kwanza, na chini yake watalii kama ishirini walikuwa wanacheza na kupiga mayowe. Mmoja, mwanamume mzima na kitambi chake, alikuwa amevua shati na kujipaka shampuu. Pembeni alisimama mwongoza watalii, mtu wa maneno matamu, akiwaeleza wageni wake kwamba hiyo ni chemchemi ya asili, kwamba huruka mara moja tu kwa mwaka, na kwamba wao wamebahatika. Wageni wakapiga makofi.

"Chemchemi ya asili!" Bi Ufunguo alisema akishuka. "Bomba la chuma la inchi kumi na mbili, ndiyo chemchemi yako? Tokeni hapo! Lami inaliwa chini, mtadidimia! Wewe na povu lako, toka!"

Hakutoka mtu. Yule mwenye kitambi alimpungia mkono.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa halitumiki kazini. Walimwita Bi Ufunguo kwa sababu ya kile chuma alichokuwa akikibeba begani, ufunguo wa kufungia valvu, unaomfika kifuani ukiusimamisha, wenye mshikio wa mikono miwili huko juu. Miaka kumi na minne alikuwa mtu wa valvu wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kujua maji ya mji ule yanafungiwa wapi na yanafunguliwa wapi, na wenzake walikuwa wakitaniana kwamba ukimuudhi huyu mama utaoga kwa mate. Alikuwa na hasira za karibu. Hakuzionea haya, maana ndizo zilizomwezesha kufanya kazi na wanaume bila kukanyagwa.

Asubuhi ile hasira hizo zilikuwa na pa kwenda. Maji yakishachoka kuruka hayakuwa yakibaki barabarani. Yalivuka upande wa pili, yakaingia kwenye ngazi za mawe, yakashuka nazo hadi mtaa wa chini, wanakoishi wafua mashuka, wapishi, walinzi na wasafisha mabwawa wa hoteli zilezile. Nyumba ya tatu kutoka mwisho wa ngazi, iliyoegemea ukingo wa udongo kwa nyuma, ilikuwa ya mama yake. Mama alifua mashuka ya wageni miaka ishirini na sita ili ile nyumba isimame. Msingi wake ulikuwa mawe na udongo, hakuna zege. Maji mengi kiasi kile yakipata saa moja kuchimba chini ya msingi wa namna ile, nyumba hakuna, na Bi Ufunguo hakuhitaji msomi wa kumfafanulia.

Hata hivyo alimpigia simu injinia wa idara kwanza, maana ndiyo amri.

"Funga valvu namba tisa," injinia alisema. Alikuwa anatafuna kitu. "Tisa tu. Nne usiiguse, umenisikia? Ukifunga nne unakausha hoteli zote kumi na saba, na leo kuna mkutano, wakubwa wako bafuni na sabuni machoni. Tisa inatenga hicho kipande peke yake. Dakika kumi, umemaliza."

"Injinia, hiyo tisa..."

"Tisa imefanya nini?"

Hapo ulimi wake ulikwama. Tuseme kwa nini ulikwama, tena tuseme bila kumwonea huruma.

Kila mwisho wa mwaka idara ilidai fomu ya ukaguzi. Kila valvu na mstari wake: imeonekana, imepakwa grisi, inazunguka. Mji ulikuwa na valvu themanini na tatu. Kuzizungukia zote, kufukua, kufungua mifuniko, kupaka, ni kazi ya miezi miwili, na idara ilitoa mtu mmoja, gari la nusu siku na kopo moja la grisi. Basi watu wakafanya kama walivyofundishwa na waliowatangulia. Walichukua fomu ya mwaka jana, wakaiweka kando ya kikombe cha chai, wakanakili. Walikuwa na neno lao kabisa la shughuli hiyo, wakiita kuhamisha. "Umeshahamisha?" "Nimebakiza ukurasa." Hakuna aliyeona aibu. Fomu ya mwaka jana nayo ilihamishwa kutoka ya mwaka juzi, na huko nyuma kabisa kulikuwa na marehemu fulani ambaye pengine valvu zile aliziona kwa macho yake.

Namba tisa Bi Ufunguo aliwahi kuiona, hatusemi hakuiona. Ilikuwa miaka mitano nyuma, hatua saba kutoka kwenye nguzo ya taa, karibu na lango la hoteli kubwa. Kisha hoteli ikajenga baraza la kupokelea wageni: vigae vyeupe, maua kwenye mitungi, na bwawa dogo la samaki katikati. Nguzo ya taa ikang'olewa. Siku wanamwaga zege alipita pale kwa miguu, akasimama, akatazama. Alipofika ofisini akamwambia injinia. Injinia akamjibu, "Meneja wa pale ni mtu wetu. Usiniletee mdomo." Naye, yule mama wa kuogesha watu kwa mate, akafyata ulimi. Mwisho wa mwaka akahamisha: namba tisa, imeonekana, imepakwa grisi, inazunguka. Mwaka uliofuata akahamisha tena. Na huu nao. Mara tatu, kwa mwandiko wake mzuri, na sahihi yake chini.

"Nimekuuliza tisa imefanya nini?" injinia alisema.

"Haijafanya kitu," alijibu. "Naenda."

Akatia ufunguo begani, akamwambia dereva wa idara abebe nyundo kubwa na mtaimbo, na wote wawili wakapanda kwenye lile baraza jeupe na viatu vyao vya matope. Dereva alikuwa mtu mzima, mpole, amefanya naye kazi miaka tisa. Hakuuliza lolote, na hilo lilimkera Bi Ufunguo kuliko angeuliza.

Meneja wa hoteli alitoka mbio. Alikuwa na suti ya rangi ya maziwa na beji ya dhahabu, na nyuma yake mapokezi palikuwa pamejaa wageni wa hasira, kwa kuwa hotelini maji yalikuwa yanatoka matone tu tangu bomba lipasuke, wengine na taulo vichwani, wengine na miswaki mkononi. Mmoja alikuwa ananawa miguu kwa maji ya chupa, akimimina taratibu kwenye vidole.

"Dada, kwanza habari za asubuhi," meneja alisema.

"Habari ndiyo hiyo unaiona. Sogeza mitungi, tunavunja hapa."

"Kuvunja? Una barua?"

"Barua ndiyo hiyo inapita miguuni kwako! Chini ya hivi vigae kuna valvu ya mji. Mmeijengea juu. Nani aliwaruhusu kuijengea juu?"

"Tuliruhusiwa," meneja alisema kwa upole wa mtu anayelipwa kuwa mpole. "Kila kitu kiko kwenye faili. Dada yangu, hawa wageni wametoka mbali. Kuna bibi na bwana harusi humu ndani tangu jana. Unataka wakumbuke nini? Nyundo?"

"Wakumbuke watakacho! Kule chini kuna watu wanaowafulia hayo mashuka ya harusi, na maji yanawaingilia ndani. Au wale si watu, ni sabuni?"

"Tusifike huko," meneja alisema, akatoa simu. Akampigia injinia kwa jina lake la utani, akaweka sauti nje ili wote wasikie.

Injinia alicheka kwenye simu. "Huyo ndiye mtaalamu wetu, bwana. Tisa ameipaka grisi mwaka huuhuu, fomu ninayo hapa mezani. Anajua ilipo kama anavyojua chumba chake. Atakuharibia kigae kimoja tu."

"Mambo si ndiyo hayo," meneja alisema na kukunja mikono. "Pale ulipopaka grisi, dada, vunja hapohapo. Kigae kimoja."

Sasa hebu tazama. Baraza lile lilikuwa na miaka mitatu. Meneja alijua, maana alilijenga. Injinia alijua, maana aliambiwa. Na yeye Bi Ufunguo alijua kuliko wote. Valvu iliyozikwa kwenye zege haipakwi grisi, hata mtoto wa chekechea anaelewa hivyo. Lakini watu wazima watatu walisimama wakaiheshimu karatasi, kila mmoja kwa sababu yake, na maji yakaendelea kushuka ngazi. Angeweza kusema pale pale. Neno moja tu: sijui. Halafu apande gari, afunge nne, na liwalo na liwe. Lakini kufunga nne kungezaa swali, kwa nini hukufunga tisa, na swali hilo jibu lake lilikuwa kwenye mwandiko wake.

"Hapa," alisema, akaonyesha kwa kidole.

Alikisia. Alijaribu kukumbuka nguzo ilisimama wapi, akahesabu hatua saba kwa macho, akachagua kigae. Dereva akakivunja. Chini kulikuwa na mchanga, na chini ya mchanga zege, na chini ya zege udongo mkavu.

"Basi ni hapa," alisema.

Wakavunja cha pili, na cha tatu. Alimnyang'anya dereva nyundo akapiga mwenyewe, na kila pigo lilikuwa na mtu wake. Hili la meneja. Hili la injinia na kutafuna kwake. Hili la yule wa shampuu. Hili la idara inayotoa kopo moja la grisi kwa valvu themanini na tatu kisha inataka muujiza. Jasho lilimwingia machoni, akalifuta kwa kiwiko, akapiga tena. Hasira ile ilikuwa ya haki, kila kipande chake, na alijificha ndani yake akajifungia.

Shimo la nne lilikata bomba dogo la bwawa la samaki. Maji ya bwawa yakaondoka yote, na samaki wanane wa rangi ya machungwa wakabaki wanarukaruka kwenye vigae. Hapo ndipo wageni walipoamka! Mwanamke mmoja alilia machozi kabisa. Watu watatu wakapiga magoti kuokota samaki, na meneja mwenyewe akakimbia ndani, akarudi na ndoo ya barafu na chupa sita za maji safi ya kunywa, akazimimina zote. Samaki wakatulia. Makofi yakapigwa.

"Mmeona?" Bi Ufunguo alimwambia dereva, ingawa dereva alikuwa mmoja. "Mmeona hiyo? Samaki wamepata maji ya chupa!"

Simu yake ikaita. Mama.

"Maji yameingia jikoni," mama alisema. Hakuwa analia, mama hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa anafoka. "Nimeweka unga juu ya kabati, godoro nimempa kinyozi wa hapo jirani anishikie. Na ukuta wa nyuma una ufa, jana haukuwepo. Unafunga au huji kufunga?"

"Nafunga, mama. Toka ndani."

"Nitoke niende wapi? Nakunja nguo."

"Mama, toka ndani! Nguo achana nazo!"

"Usinipigie kelele. Mimi ndiye niliyekuzaa, na mimi ndiye niliyewaambia watu hapa kwamba mwanangu yuko juu, dakika mbili anamaliza. Sasa ni nusu saa. Uko wapi hasa?"

"Niko kwenye valvu, mama," alisema. "Nimeishika."

Akakata simu. Dereva alikuwa amesikia. Alikuwa mtu wa kuona mengi na kusema machache, lakini alilaza mtaimbo chini, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Dada, hebu niambie kweli. Hii kitu, tangu wajenge hapa, umewahi kuiona?"

"Wewe kazi yako ni usukani! Nani kakuuliza? Na wewe umeanza kuwa injinia? Chukua mtaimbo!"

"Sichukui," dereva alisema. "Nimekuuliza."

Alimtolea macho. Angemtukania mama yake, neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini dereva hakuondoa uso wake, na uso ule haukuwa na lawama, ulikuwa na haraka tu. Mashimo sita meusi yalikuwa yametapakaa kwenye baraza. Aliyatazama yote. Hakuna hata moja alilolichagua akijua.

"Sijaiona," alisema.

"Basi twende nne."

Walipanda kilima dakika tano. Valvu namba nne ilikuwa kwenye shimo lake la halali, na mfuniko wa chuma, maana ilikuwa ndani ya ua wa idara na hakuna aliyeweza kuijengea hoteli juu. Akatumbukiza ufunguo, ukashika. Mizunguko hamsini na miwili. Haikimbizwi, kwa sababu ukilifunga bomba kubwa kwa pupa maji hujipiga nyuma yakapasua kwingine. Taratibu, mmoja, mwingine, akiinama na kuinuka, huku simu inatetemeka mfukoni bila kukoma. Alipofika thelathini sauti ya maji ndani ya bomba ilianza kubadilika. Hamsini na mbili. Kimya. Huko chini hoteli kumi na saba zilikauka na sabuni zao.

Ndipo alipopokea simu.

"Nani kakuamuru?" injinia alikuwa anapiga kelele. "Nani? Nimepigiwa na watu watano! Nilikwambia tisa!"

"Tisa imezikwa, Injinia, na wewe unajua imezikwa. Nilikwambia siku ile."

"Fomu inasema..."

"Fomu nilihamisha. Kama ulivyokuwa unahamisha wewe ulipokuwa kwenye kiti hiki."

Injinia alisikika akifunga mlango. Aliporudi alikuwa na sauti nyingine, laini, ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Sikiliza. Tusipaniki. Tutaandika kwamba tisa ilikwama. Chuma hukwama, si kosa la mtu. Wewe unabaki na kazi, mimi nabaki na kazi, hoteli wanalipwa vigae vyao. Jumatatu njoo usaini. Sawa, dada?"

Alikata simu, akang'oa ufunguo, akamwambia dereva amshushe mtaa wa chini.

Ngazi zilikuwa zimejaa mawe na kokoto na chupa za plastiki. Alizishuka kwa miguu, akiteleza, akishika kuta za watu. Aligeuka kona ya mwisho akaona anga mahali pasipokuwa na anga. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama ulikuwa umekwenda, wote, na bati limeukalia. Unaweza kuona kitanda, na picha ya marehemu baba kwenye ukuta wa mbele uliobaki, na kabati limelala kifudifudi kwenye tope. Nyumba ya kinyozi jirani ilikuwa imekwenda pamoja na kiti chake cha kunyolea. Na mbili nyingine chini yake.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya njia, magoti yana tope, mfuko wa nguo zilizokunjwa mapajani. Alikuwa mzima. Bi Ufunguo aliwageukia majirani.

"Umeondoka saa ngapi?" aliuliza. "Ukuta."

"Saa nne na nusu," kinyozi alisema. "Nilitazama saa. Sijui kwa nini nilitazama saa."

Saa nne na nusu. Kama angeondoka barabarani saa tatu na robo, akapanda kilima, akazungusha hamsini na mbili bila pupa, maji yangekuwa yamekatika kabla ya saa nne. Nusu saa nzima ingebaki. Hakuhitaji kalamu kulipata hilo.

Mama alikuwa hajamaliza na watu wa juu. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea mahoteli, na majirani wamemzunguka. "Washenzi wakubwa! Miaka ishirini na sita nimeyasugua matapishi yao kwenye shuka! Wamejengea bomba vigae, wamemzuia mwanangu kufanya kazi yake! Walimwomba barua! Dereva wake hunyolewa kwa huyu kinyozi, kampigia simu akamweleza ya meneja. Barua, na watu tunakufa! Huyu hapa, mtazameni, mikono yake mtazameni. Asingekuwa huyu mtoto, leo tungekuwa tunazikana."

Kinyozi akaja akamshika Bi Ufunguo mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, dada," alisema. "Umetupigania." Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema Mungu amlipe. Mtu akamsogezea ndoo ageuze akalie.

Hakukaa. Ile asante ilimchoma kuliko matusi yote ambayo amewahi kutukanwa kazini, na matusi alikuwa ameyala mengi. Alitamani wamrushie tope. Ingekuwa rahisi kubaki hapo, akaisaini ile karatasi Jumatatu, chuma kikakwama, mama akaendelea kuwatukana wanaostahili kutukanwa. Kwa sababu walistahili! Hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba kila alichosema mama kilikuwa kweli.

Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize. Ile valvu sikuishika. Sikujua ilipo. Nimeandika miaka mitatu kwamba naipaka grisi, na sijaiona. Nimevunja vigae kwa kubahatisha, nikaogopa kusema, mpaka ukuta ukaenda. Ningesema mapema, nyumba ingekuwa imesimama."

Mama alimtazama. Mkono uliokuwa umenyooshwa juu ulishuka polepole mpaka ukafika mapajani, juu ya mfuko wa nguo.

"Rudia," alisema.

"Mama..."

"Usinimamie. Rudia. Na usininong'oneze, mimi si padri wala shehe. Waliobomokewa hapa ni wanne. Simama uwaambie na wao."

"Mama, nitawaambia, ila acha kwanza..."

"Sasa hivi!" Sauti ya mama ilipasuka. "Nimekaa hapa nakusifia kama mjinga! Nimewaambia mwanangu yuko juu! Nimekaa ndani nakunja nguo kwa sababu mwanangu kaniambia ameishika! Ningekuwa bado ndani je? Simama!"

Akasimama. Watu walikuwa tayari wamenyamaza, maana ugomvi wa mama na mwana hausikilizwi kwa sikio moja. Akawaambia. Hakumwacha meneja nje, wala injinia, wala siku ya zege, lakini hakuwatanguliza. Alianza na yeye. Akawaeleza fomu, na chai, na kuhamisha, na hatua saba kutoka nguzo isiyokuwepo.

Mtu alitema mate chini. Kinyozi alikuwa ametazama kile kiti chake, mguu wa chuma umechomoza kwenye tope, na aliposema hakupaza sauti hata kidogo.

"Hiyo ni tisa," alisema. "Ziko ngapi nyingine?"

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kupigwa.

"Nyingine zipi?"

"Za kuhamisha. Ambazo umeandika unaziona na huzioni."

Aliwatazama wote. Hakukuwa na fomu mkononi, lakini alizijua, kila moja, alikuwa akizijua miaka yote kama mtu anavyojua meno yake mabovu.

"Kumi na moja," alisema.

"Ya kwanza iko wapi?"

"Kumi na sita. Iko chini ya jiko la hoteli ya pembeni. Ndiyo ya kukata maji, bomba la juu ya shule likipasuka."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aligeuka kutazama upande wa shule, na wengine wawili wakageuka naye. Bi Ufunguo akaishia hapo. Hakuna aliyempa maji, hata hayakuwepo.

Mama alikuwa bado kwenye kiti chake, mgongo kwa nyumba, hajamwangalia tena tangu amwambie asimame.

"Endelea," mama alisema. "Bado kumi."